Waingereza Wanne wa Vinanda

Walikuwa wanne. Majina yao ninayo yote kichwani, na la mji wao ninalo, mji wa viwanda ambako mvua ikianza haijui kuacha. Jina la mke wa kwanza wa mwimbaji wao ninalo, na la wa pili pia. Lakini humu sitaandika jina la mtu yeyote, wa Uingereza wala wa Keko, maana nikianza kuwataja wa mbali nitateleza niwataje na wa karibu, na wa karibu wengine wapo hai, wana wajukuu wanaojua kusoma.

Mie mwenyewe kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la elimu ya watu wazima, jioni kwenye ofisi ya tawi. Nilifika mahali pa kuandika barua, nikashika mimba ya mtoto wangu wa mwisho, nikaacha. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Anayetaka Kiswahili cha redioni awashe redio.

Hao Waingereza waliingia nyumbani kwetu kwa njia ya mashuka. Mwanangu wa kiume, na ni huyo mmoja tu, alipata kazi kwenye hoteli ya ufukweni huko Kunduchi, upande wa kufulia. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu vimeanza kuonekana madukani, na wageni wa Kizungu wanakuja kuota jua. Mgeni akiondoka huacha vitu chumbani: mafuta ya kujipaka, kandambili ya mguu mmoja, kitabu kilicholowa maji ya chumvi. Msimamizi akishaona havina mwenyewe, wafanyakazi hugawana. Wenzake waligombea kandambili. Yeye akachukua kanda ya muziki.

Sie kazi yetu nyumbani ilikuwa makochi. Mume wangu alikuwa seremala, ana kibanda chake barabarani kama maseremala wote wa Keko, anaranda, anapiga msumari, kochi likisimama naletewa mie mkewe nishone foronya na kujaza sufi. Nilikuwa nakaa uani na gunia la sufi, nimejifunga kitambaa puani. Mwanangu akirudi kazini anaweka redio kaseti kwenye kigoda, anakaa juu ya gunia jingine, ananisikilizisha.

Ile kanda ya kwanza ilikuwa ya furaha. Vinanda vinalia kama watoto wanaochezea kengele za baiskeli. Mume wangu alipita amebeba ubao, akasimama.

"Mpiga ngoma yuko wapi hapa?"

"Hakuna, baba. Ngoma zinapigwa na mashine."

"Na gitaa?"

"Hakuna. Vinanda tupu."

"Basi hawa wamekwepa kulisha watu," akasema, akaenda na ubao wake.

Kwenye karatasi ya kanda kulikuwa na picha ya wale wanne, vijana wembamba wenye nywele zilizosimama, wamepaka wanja. Mwanangu akanisomea majina na kila mmoja kazi yake. Kuna mwimbaji, mrefu. Kuna mtunzi, ndiye aliyekuwa anatoa nyimbo zote kichwani mwake. Kuna mmoja mnene kidogo kuliko wenzake ambaye kazi yake ilikuwa kuzijua mashine. Na kuna wa nne, ambaye hata mwanangu hakujua hasa anafanya nini, lakini yumo katika kila picha. Nikamwambia kila ukoo unaye wa namna hiyo. Akacheka.

Kanda ya pili ilipokuja, yule mtunzi alikuwa ameshaondoka. Mwanangu alipata habari hiyo kwenye gazeti la wageni, akalisoma ndani ya basi toka Kunduchi mpaka mjini, akafika nyumbani hakula. Alisema mtu yule alichoka kusafiri, akasema anataka kukaa kwao. Mie nikaona ni kama nyumba ambayo mpishi ameondoka na jiko linawaka. Nikamuuliza, "Sasa nani atatunga?" Akasema, "Mwimbaji amesema atajaribu."

Akajaribu kweli. Nyimbo zikaenda polepole, sauti ikashuka chini. Wakaanza kuingia kwenye viwanda vilivyokufa vya mji wao na nyundo, wanagonga mabati na mabomba, wananasa ule mlio, halafu wanauweka kwenye kinanda, ukibonyeza kidole bati linalia. Siku mwanangu alipopiga kanda hiyo, mume wangu aliweka randa chini.

"Hiyo nyundo kwenye bati," akasema. "Tena bati nene."

"Ndiyo, baba."

"Huyo aliyegonga ni fundi. Hakugonga ovyo."

Toka siku hiyo hakuwasema tena vibaya. Wateja wakija kuuliza kelele gani hizo, anawaambia, hao ni mafundi wenzetu wa Uingereza.

Basi wakakua. Kanda kila baada ya muda, na magazeti mwanangu analetewa na wahudumu wa vyumba, wote walishamjua. Tukaona picha zao kwenye viwanja vya mpira, watu wameinua mikono mpaka mwisho wa macho. Walikuwa wameacha wanja, wanavaa nyeusi juu mpaka chini. Nikauliza nani amewafia.

"Hakuna, mama. Ndiyo mavazi yao."

"Weusi wote huo na hakuna msiba?"

"Hakuna."

Walikuwa watatu wakati huo. Mwimbaji alianza kunywa. Yule wa mashine alikuwa hasemi na mwimbaji, wanapanda jukwaa moja na kila mtu ana gari lake. Yule wa nne, ambaye sasa alikuwa wa tatu, ndiye alikuwa anapeleka maneno huku na huku. Hapo ndipo tulipoijua kazi yake.

Mwanangu naye akataka vinanda. Kaka yangu aliyekuwa Maskati alimletea kimoja, na rafiki zake wawili wakachangishana wakapata kingine. Baba yake akawatengenezea meza za kuviwekea, za mninga, miguu ya kukunja, nzuri kuliko zote zilizokuwa barabarani. Wakawa wanapiga kwenye sherehe za watu, Keko, Temeke, mpaka Kinondoni. Siku za mgao wa umeme wanatia betri. Watu walizoea kuwaagiza wapige nyimbo za dansi na taarabu, wakapiga, lakini katikati mwanangu lazima aingize wimbo mmoja wa Waingereza wake. Anafumba macho. Watu wanakaa chini kupumzika, wanakunywa soda, ukiisha wanainuka tena.

Kwenye sherehe moja ya Kinondoni alikuwepo binti ambaye hakukaa chini. Aliimba nao maneno yote. Alikuwa anajifunza kupiga taipu, Kiingereza anakijua. Hivyo ndivyo walivyojuana.

Nilimpenda. Alikuja Keko akanisaidia kujaza sufi siku nzima bila kitambaa puani, anapiga chafya na kucheka. Mama yake alikuwa mtu wa heshima, mtu wa pwani kama sie, amemlea binti peke yake. Mumewe alikuwa ameondoka, amekwenda kukaa na mwanamke wa Msasani, na Kinondoni yote ilijua. Yule mama hakuzungumzia jambo hilo hata siku moja. Ukimuuliza hali ya nyumbani anajibu, "Tupo, Alhamdulillahi," kama watu wazima wawili wako ndani.

Tukapeleka posa. Mshenga wetu alikuwa fundi cherehani mzee, mtu wa maneno laini. Posa ikapokelewa, vitu vikapokelewa, sinia na doti za khanga na hina. Mume wangu akaanza kuchonga kitanda. Mwanangu akaacha kuchelewa kurudi. Sijawahi kumwona vile, si kabla wala baadaye. Alikuwa anaamka anapiga mluzi ule wimbo wa kengele za baiskeli, wa zamani, wa wakati wako wanne.

Kabla ya harusi yake ilikuja harusi ya dada yake, binti yangu. Sherehe ya kina mama tuliifanya nyumbani, turubai limefungwa toka ukuta wetu mpaka wa jirani. Tulikodi kundi la taarabu. Umeme ukakatika mapema, tukakodi jenereta, likawekwa nyuma ya choo lisitupigie kelele, waya ukapitishwa chini katikati ya watu mpaka jukwaani. Kundi la taarabu likachelewa, gari lao limeharibika njiani. Kina mama wameshapamba, wamekaa, wanajipepea. Nikamwambia mwanangu, "Piga wewe na wenzako mpaka waje."

Wakapiga. Walianza na taarabu wanazozijua, watu wakainuka kidogo. Mama wa binti alikuwa mbele kabisa, tumemweka kwenye kochi jipya la mume wangu, mkwe mtarajiwa, anaangaliwa na kila mtu. Halafu mwanangu akafumba macho akaingiza wimbo wake. Ulikuwa ule wa polepole kuliko yote, kinanda kinalia kidogo, kinanyamaza, kinalia.

Msomaji wa kwetu sihitaji kumweleza, lakini wajukuu zangu wamekulia kwenye simu, kwa hiyo naeleza. Kwenye taarabu, wimbo una mtu. Mwanamke akiinuka kumtuza mwimbaji haendi moja kwa moja. Ananyanyua noti juu, anacheza taratibu kati ya watu, na yule anayetaka neno la wimbo limpate anamsimamia mbele, anamtazama, anatabasamu, ndipo aende kutuza. Hakuna neno la kumtukana mtu. Lakini kila aliyekaa pale ameona limekwenda kwa nani.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliinuka. Alikuwa anampenda mtoto wa kaka yake kupita kiasi, na alikuwa amechoka kuona hakuna anayemtuza. Akanyanyua noti, akacheza anavyojua kucheza, na anajua. Akafika pale mbele, kwenye kochi. Hapo ndipo waya wa jenereta ulipopita. Wifi umeme anauogopa toka utotoni, hata swichi anawasha kwa fimbo ya ufagio. Akasimama. Akawa anacheza palepale, noti juu, anangoja mtu anyanyue ule waya, na kwa kuwa amesimama mbele ya mkwe, akamtabasamia mkwe. Ungemtazama nani mwingine?

Kina mama walikuwa wamekaa kimya toka wimbo uanze. Walipoona vile, vigelegele vikapasuka.

"Mpe! Mpe!"

"Umefika huo! Umefika kwa mwenyewe!"

"Haya sasa, Kinondoni leo ina kazi!"

Mwanangu amefumba macho, anasikia vigelegele, anadhani mwishowe wameupenda wimbo. Akaurudia.

Mama wa binti aliinuka, akachukua baibui lake, akapita upande wa pili wa kochi. Waya akauruka bila kuutazama.

Nilimfuata mpaka barabarani. Nikamwambia, "Dada, hujala." Akasema, "Nimeshiba, dada." Akasimamisha teksi.

Niliporudi nilimkuta wifi anakunywa sharubati, anapepewa. Nikamuuliza kafanya nini.

"Nimemtuza mtoto wa kaka yangu, wifi. Kwani kosa?"

"Umemsimamia mkwe."

"Nani? Mie nimesimamia waya! Wifi, ule waya ulikuwa unanguruma!"

Waya hauwezi kunguruma. Lakini nilimwamini, na mpaka alipokufa nilimwamini. Hakuwa na ubaya na yule mama. Hata mambo ya Msasani hakuyajua, yeye alikuwa anakaa Temeke na anasikia vibaya sikio moja.

Baada ya siku chache mshenga akaja, kofia mkononi. Akasema kule Kinondoni imeshaenea kwamba watu wa Keko wamemtungia yule mama wimbo kwa lugha ya Kizungu, ili asipate pa kushika. Wakubwa wa familia wamekaa. Wanataka waletewe maneno ya wimbo, yatafsiriwe mbele yao, na atakayetafsiri ni yule aliyeimba.

Tukaenda, mie, wifi, mshenga na mwanangu. Mume wangu alisema hayo mambo ya wanawake na vinanda yeye hayawezi, akabaki anapiga msasa kitanda. Tulipofika karibu na nyumba, mshenga akamshika mwanangu mkono.

"Kijana, sikiliza. Wewe sema ni wimbo wa kumsifu Mwenyezi Mungu."

"Si wa kumsifu Mungu, mzee."

"Najua si wa kumsifu. Nani atajua?"

"Binti anajua Kiingereza."

"Binti anakutaka wewe, atanyamaza. Au sema ni wa shamba. Maua, ndege. Wazungu hawaimbi maua?"

"Hawa hawaimbi maua," mwanangu akasema.

Hakuwa mtu mkaidi. Lakini katika mambo ya wale Waingereza hakuwaga na uongo. Alikuwa akitafsiri kwangu uani, akikosa neno ananyamaza, anakwenda kuuliza hotelini, anarudi siku ya pili na neno lake. Mie nilimjua, nikajua hatasema maua.

Sebuleni walikaa mama wa binti, dada mkubwa wa huyo mama, na mjomba wao mmoja ambaye muda wote alitazama viatu vyake. Binti alikuwa ndani, nyuma ya pazia, tunaona vidole vya miguu. Tukasalimiana vizuri sana, shikamoo na marahaba kila upande. Wakatuletea chai. Halafu yule dada mkubwa akasema, "Haya, baba. Tusikie."

Mwanangu akakaa ukingoni mwa kiti. Akaanza kusema mstari mmoja mmoja, kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili.

"Wa kwanza anasema, umeacha taa inawaka mchana kutwa."

Yule mama akageuka kumtazama dada yake. Taa ya barazani ilikuwa inawaka. Tuliiona wote tulipoingia.

"Endelea," dada mkubwa akasema.

"Anasema, bado unaandaa sahani mbili."

"Sahani mbili!" Mama wa binti aliweka kikombe. "Nani amekwenda kuchungulia meza yangu?"

"Mama, ni wimbo wa zamani. Yule aliyeutunga yuko Uingereza."

"Na huyo Mzungu wa Uingereza, nani amempelekea habari za nyumbani kwangu?"

Wifi akadakia, "Bibi weye, mie Kiingereza hata sikijui! Najua gudi moningi tu, tena asubuhi!"

"Wewe ulijua pa kusimama."

"Nilisimama kwa ajili ya waya!"

"Waya," yule dada mkubwa akasema. "Mmesikia wenyewe. Waya."

Mshenga akainua mikono, akasema tuwe na subira, mtoto amalize, pengine mbele kuna kheri. Nilimtazama mwanangu. Nilijua mstari unaofuata, alishanitafsiria. Nilitaka kumwambia akohoe, aombe maji, aanguke. Yeye akasema,

"Anasema, gari likipita unasimama dirishani. Jina lake hulitaji, lakini mdomo wako unalijua."

Mjomba aliacha kutazama viatu. Halafu kutoka nyuma ya pazia binti akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia,

"Kweli, mama. Ndivyo wimbo unavyosema. Hakuongeza kitu."

Alitaka mama yake aone kwamba kijana ni mkweli. Ndicho alichotaka, maskini. Lakini mama yake alisikia mtoto wake mwenyewe anathibitisha kila neno mbele ya watu.

"Na mwisho wake?" akauliza.

"Hauna mwisho, mama," mwanangu akasema. "Unarudia mwanzo, halafu sauti inapungua mpaka haisikiki."

Yule mama hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu simpeleki kwenye nyumba inayoniimba." Akatukaribisha chai tena. Tukanywa, kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa.

Njiani wifi alilia, mshenga alimlaumu mwanangu. Mie nilikuwa natazama maduka. Nilitafuta kulia, sikupata. Nilikuwa nasoma maandishi ya kwenye kuta, herufi moja moja, kama darasani.

Vitu vikarudishwa. Mshenga alivileta mwenyewe, sinia, khanga zimekunjwa kwa mikunjo yetu ileile, hina haijafunguliwa. Nikavipokea nikaviweka ndani, nikarudi kwenye sufi. Kile kitanda mume wangu alikimaliza, maana hakuwaga na tabia ya kuacha kazi katikati, akakisogeza barabarani pamoja na vingine. Kikakaa siku kadhaa kikachukuliwa na mtu wa Mbagala.

Mwanangu aliendelea kwenda Kunduchi. Alikuwa anakula, anaoga, anasalimia watu. Rafiki zake walikuja kumwita kwenye sherehe, akawapa vinanda vyote viwili na meza zake, akasema wapige wao. Wakajaribu, wakashindwana, kundi likafa bila mtu kutangaza kwamba limekufa.

Miezi ile ikaja kanda nyingine kutoka hotelini. Kwenye karatasi walikuwa wawili tu. Yule wa mashine alikuwa ameondoka, amesema amefanya kazi ya watu wanne kwa miaka na hakuna aliyemwambia ahsante. Alibaki mwimbaji na yule mpeleka maneno, na sasa hapakuwa na mtu wa kumpelekea. Kwenye picha wamekaa kila mtu upande wake wa benchi. Mwanangu alipiga upande mmoja wa kanda, mie nashona. Walikuwa wameingiza magitaa, kama watu wengine wote.

"Si wabaya," nikasema.

"Si wabaya," akasema. Upande wa pili hakugeuza.

Baadaye sana nilisikia kwamba hata hao wawili waliachana, halafu wakarudiana, wakawa wanazunguka kuwapigia watu wazima nyimbo za ujana wao, na watu wanajaa. Hayo aliniambia mtu mwingine. Wakati ule ninaousema walikuwa bado wawili, na nyumbani kwetu redio kaseti ilikuwa imeanza kukaa kimya. Sufi nayo ilikuwa inakwisha, sponji imeingia, unakata tu kwa kisu na kuingiza, haikupalii puani. Nilikuwa namaliza kazi mapema na sijui nifanye nini na mikono.

Ndipo ulipokuja mwaliko wa harusi ya yule binti. Alipata mchumba wa Tanga, mtu mzima, mwenye kazi bandarini. Mwaliko waliuleta mpaka mlangoni, kwa adabu zote. Mume wangu akasema nisiende. Wifi akasema yeye hata kwa kuburutwa haendi. Mie nikaona nisipokwenda watasema kweli wimbo ulikuwa wetu. Nikashona gauni, nikaenda na majirani wawili wa Keko.

Binti alikaa juu pale, kapambwa mpaka vidole. Aliponiona aliinamisha macho, kama bi harusi yeyote anavyotakiwa kuinamisha, kwa hiyo siwezi kusema kitu. Mama yake alikuja mwenyewe kwenye mkeka wetu na sahani ya pilau, akaiweka mbele yangu.

"Kula, dada. Siku ile mie nilikuja kwako sikula. Usinifanyie hivyo."

"Siwezi kukufanyia hivyo," nikasema.

Alisimama kidogo. Nikaona anataka kusema jambo. Muziki ukapanda, akaitwa, akaenda. Nikala. Ilikuwa pilau nzuri, nyama imeiva, nikaimaliza yote na mifupa nikaisafisha. Jirani yangu akaninong'oneza nimewezaje. Sikuwa nimeweza kitu, nilikuwa nimekaa tu na sahani mbele yangu.

Asubuhi mwanangu alikuwa ananawa uani, anajiandaa kwenda kazini. Alinisalimia, nikamwitikia. Akajifuta uso kwa muda mrefu.

"Alipendeza?"

"Alipendeza."

"Kulikuwa na muziki gani?"

"Taarabu."

"Kinanda kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Kijana mmoja wa Ilala." Nikamtajia jina.

"Simjui. Anapigaje huyo? Anajaza sana, au anaacha nafasi?"

"Sijui, baba. Nilikuwa nakula."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akatundika taulo kwenye kamba, akavaa viatu, akaenda zake Kunduchi.